Mkono Mwepesi

Kwenye miteremko ya Mlima Kenya, kuanzia Mungania na Rukuriri upande wa Embu hadi Kinoro na Githongo upande wa Meru, majani ya chai hupimwa kwa kilo, na ukizifuatilia zile kilo mpaka mwisho, mara nyingi utazikuta ndani ya Excel. Maziwa nayo ni hivyo hivyo: lita za asubuhi, lita za jioni, makato ya chakula cha ng'ombe. Kuna kahawa, karo za shule, alama za mtihani wa katikati ya muhula, michango ya chama cha akina mama wanaokutana kila Alhamisi. Mashirika makubwa yana mifumo yao ya kununua. Lakini pembeni mwa mifumo hiyo kumejaa mafaili madogo yaliyotengenezwa na mtu mmoja, mhazini au mwalimu wa hisabati, aliyekesha akijifundisha fomula mwenyewe. Akishamaliza huzifunga fomula zake kwa nywila, ili karani asije akaifuta mojawapo akidhani anafuta tarakimu. Ni uamuzi wa busara kabisa. Kisha anastaafu, au anahamishwa, au anafariki, na nywila inaondoka naye.

Uhamisho hasa ndio unaowapa kazi mafundi wa kuyafungua mafaili hayo. Embu ilikuwa makao makuu ya Mkoa wa Mashariki mpaka kaunti zilipoanza kazi mwaka 2013, ofisi zikapangwa upya na wafanyakazi wakatawanyika. Mwaka 2018 Tume ya Huduma kwa Walimu, TSC, ikaanza kuwapeleka walimu wakuu mbali na kaunti zao za nyumbani. Mtu akihamishwa hukabidhi funguo za stoo, muhuri na kitabu cha risiti. Nywila haiingii katika orodha ya makabidhiano kwa kuwa haina pa kushikwa, na hakuna anayeikumbuka mpaka muhula ufunguliwe na seli ikatae kuandikwa.

Fundi ninayetaka kumsifu ana saiba, yaani duka la huduma za kompyuta na intaneti, mjini Embu, ghorofani, juu ya duka la dawa za mifugo. Wenzake wa Makutano na wa Maua, kule Meru, hufanya kazi hii pia, lakini huyu ndiye niliyepata kukaa kando yake nikatazama. Kazi zake za kila siku ni zile za saiba zote: ritani za kodi za KRA, maombi ya mkopo wa masomo wa HELB, cheti cha tabia njema, CV ya kijana anayetafuta kibarua. Kufungua mafaili hajakuandika hata kwenye bango. Watu humjia kwa kuelekezwa.

Kinachonivutia kwanza ni kwamba haigusi kompyuta mapema.

"Mwalimu, faili linakataa kufunguka, au linafunguka halafu linakataa kuandikwa?"

"Linafunguka, kijana wangu. Nikigusa tu, linanikaripia."

"Ni la nani?"

"La shule. Aliyelitengeneza alihamishwa."

"Hapatikani kwa simu?"

Swali la simu huwashangaza wengi. Wamepanda ngazi kumtafuta mtu wa kuvunja mlango, naye anawauliza kama wamepiga hodi. Zipo kazi zinazoishia hapo hapo: simu inapigwa, mhazini wa zamani anacheka, nywila inakuwa jina la kifungua mimba wake, na fundi hapati hata shilingi.

Lakini lile swali la kwanza ndilo lililobeba elimu yote. Excel ina kufuli za aina mbili. Zote mbili huomba nywila kwenye kisanduku kidogo kinachofanana, na hapo ndipo undugu wao unapoishia. Moja huzuia kuandika: faili linafunguka, unaona kila kitu, ila seli hazibadiliki. Nyingine huzuia kusoma: yaliyomo yote yamesimbwa, na bila nywila ni vurugu tupu. Ile ya kwanza ni kama kamba anayoifunga mwenye duka mlangoni akienda kula mchana. Kila mtu anaielewa, inamzuia mpita njia, na hakuna aliyewahi kuidhania kuwa kinga dhidi ya mwizi. Microsoft wenyewe husema katika maelezo yao kwamba kuifunga laha hakukukusudiwa kuwa ulinzi wa siri. Wateja wengi hawaijui tofauti hiyo, na wauzaji wa programu za "kufungua chochote" hawana haraka ya kuwaeleza.

Tuseme ni kamba. Fundi hunakili faili kwanza. Lililokuja kwenye flashi haligusi, anafanyia kazi nakala. Halafu anafanya jambo linaloonekana kama mzaha: anabadilisha mwisho wa jina la nakala, .xlsx inakuwa .zip. Tangu Office 2007, faili la namna hii ni furushi la zipu lililojaa maandishi ya XML, na muundo wake ulichapishwa hadharani, kwanza na ECMA mwaka 2006, kisha na ISO mwaka 2008. Herufi mbili za kwanza za furushi hilo ni PK, yaani Phil Katz, Mmarekani aliyeutoa muundo wa zipu mwaka 1989 na kufariki mwaka 2000 akiwa na miaka 37. Kwa hiyo hesabu ya maziwa ya Runyenjes, hapo Embu, huanza na jina la marehemu ambaye hakuna mfugaji wa Runyenjes anayemjua. Sijui kwa nini jambo hili linanifurahisha kiasi hiki.

Kwenye programu ya 7-Zip furushi linaonyesha kilichomo: folda ya xl, ndani yake folda ya worksheets, ndani yake sheet1.xml, sheet2.xml na kuendelea. Hapa ndipo aliyejifunza nusunusu hupotea. Namba ya faili si lazima ilingane na mpangilio wa vichupo unavyoviona chini ya dirisha. Laha iliyo ya kwanza machoni yaweza kuwa sheet4.xml. Fundi huanzia workbook.xml, palipoorodheshwa majina ya laha na vitambulisho vyake, akakifuata kitambulisho mpaka kwenye faili la mahusiano lililo katika folda ya _rels, ndipo ajue aende wapi. Sijamwona akibahatisha.

Sasa laha yenyewe. XML ya wakulima mia kadhaa ni mstari mrefu usio na pumziko: safu, seli, namba, safu, seli, namba. Ukiitafuta kufuli kuanzia mwanzo utachoka, kwa maana kanuni za muundo zinaitaka ije baada ya sheetData, yaani baada ya safu zote kwisha. Basi anakwenda moja kwa moja mwisho wa faili, anarudi nyuma kidogo, na hapo imekaa: mabano pembe yanafunguka, linafuata neno sheetProtection, kisha sifa chache, mkwaju, mabano yanafungwa. Ukifuta kuanzia bano la kwanza mpaka la mwisho, herufi isizidi wala isipungue, laha imefunguka. Ukisahau mkwaju, au ukila herufi moja ya kipande kinachofuata, Excel itasema faili lina hitilafu na itajitolea kulitengeneza. Matengenezo hayo usiyaamini. Yanaweza kuondoka na kitu ulichokuwa ukikihitaji.

Kabla ya kufuta, hata hivyo, anafanya jambo lililonifanya niandike makala haya. Anachukua kalamu na kuzinakili zile sifa kwenye karatasi: objects="1", scenarios="1", selectLockedCells="1".

Hiyo ya mwisho ndiyo ya kutazamwa. Inamkataza mtumiaji hata kuichagua seli iliyofungwa. Karani akibonyeza kitufe cha Tab kwenye laha hiyo, kielekezi kinaruka kutoka seli ya kujaza hadi seli nyingine ya kujaza, kikizipita fomula zote katikati. Mhazini aliyeondoka alipanga hivyo ili karani aingize kilo za wakulima macho yakiwa kwenye kitabu cha mizani na vidole kwenye kibodi. Anayefuta bila kusoma ameifungua laha, ndiyo, lakini ameuvunja mwendo wa kazi, na hakuna atakayejua kwa nini shughuli iliyokuwa ikiisha kabla ya chai ya saa nne sasa inafika saa nane. Fundi wetu anaisoma kufuli kwa heshima kwa sababu anajua iliwekwa na fundi mwenzake. Hajawahi kukutana naye, lakini anamjua kwa mkono: huyu aliweka rangi ya manjano hafifu kwenye seli za kujaza, huyu aliandika ROUNDDOWN palipo na makato ili mkulima asikatwe hata senti ya ziada. Mara moja alinionyesha fomula ya namna hiyo kwa kidole, bila neno, kama mtu anayekuonyesha mshono wa koti zuri.

Akishafuta, anahifadhi, 7-Zip inauliza kama furushi lisasishwe, anakubali. Hayatoi mafaili nje na kuyafunga upya, maana wengi hufunga folda yenyewe badala ya vilivyomo, furushi likaongezeka ngazi moja, na Excel ikifika haikuti ilichotarajia. Jina linarudi kuwa .xlsx. Faili linafunguka, seli inaandikika. Kwa macho ya mteja ni kama hakuna kilichofanyika, na mteja yuko sahihi zaidi kuliko anavyofikiri.

Mafaili ya zamani, yale ya .xls ambayo bado yanaishi katika kompyuta kuukuu za vyama vya kahawa, hayana zipu ndani yake na hayafutiki namna hiyo. Yana uzuri mwingine. Kwenye mafaili hayo Excel haikuhifadhi nywila, ilihifadhi alama yake ya biti 16, yaani tarakimu nne za heksadesimali. Neno "password" hutoa 83AF, na fundi akiiona 83AF hutabasamu kabla ya kusema lolote. Alama fupi hivyo haiwezi kuyatofautisha maneno yote ya duniani. Maelfu kwa maelfu lazima yagongane. Ndiyo maana kuna makro moja ya kale, inayojulikana kwa mafundi wa kila bara, inayojaribu maneno ya herufi 12 tu: 11 za mwanzo ni A au B, ya mwisho ni yoyote kati ya alama 95 za kibodi. Piga hesabu: 2 izidishwe kwa yenyewe hadi ziwe 2 kumi na moja upate 2,048, zidisha kwa 95, ni majaribio 194,560. Kwa kompyuta yake hiyo ni kazi ya dakika chache. Neno linalopatikana ni kitu kama ABBABAAABAB likifuatwa na alama ya ajabu, na si neno la mhazini hata kidogo. Mhazini huenda aliandika Wawira2004. Lakini kufuli haijui tofauti.

Kuanzia Excel 2013 Microsoft waliachana na alama hiyo na kuchukua alama ndefu zaidi, SHA-512, inayorudiwa mara 100,000, na chumvi, yaani data ya nasibu, juu yake. Kamba sasa ina fundo la chuma. Bado ni kamba, na bado inaondolewa kwa kufuta maneno yaleyale baada ya sheetData.

Halafu kuna siku faili halifunguki kabisa. Akilitazama kwa 7-Zip haioni folda ya xl. Anaona EncryptionInfo na EncryptedPackage, na baiti za kwanza si PK bali D0 CF 11 E0. Hapo husukuma kiti nyuma na kumweleza mteja ukweli, jambo ambalo ni adimu kuliko ufundi wenyewe. Hakuna neno la kufuta hapa. Bila nywila haupatikani ufunguo uliosimba faili zima kwa AES, na kila ukijaribu neno moja kompyuta inalazimika kurudia hesabu mara 100,000 ndipo ijue kama umekosea. Nywila ya herufi ndogo nane tu ina michanganyiko zaidi ya bilioni 208. Hata ukipata mashine ya kujaribu 1,000 kila sekunde, utahitaji zaidi ya miaka 6 kuimaliza yote, na laptopu ya saiba haifiki kasi hiyo.

Kwa hiyo anaacha hesabu na kuanza mazungumzo. Anamwita mtu aliyemfahamu mhazini: mjane wake, karani wake, katibu waliyekaa naye meza moja. Anauliza taratibu. Mama, mzee alikuwa akiwaitaje watoto nyumbani? Gari la kwanza lilikuwa la mwaka gani? Alizaliwa wapi, alisoma wapi, aliabudu wapi? Alipenda kuanza na herufi kubwa? Simu yake ilikuwa na nywila gani, kama waijua? Alikuwa mtu wa kuweka @ au nukta? Anaandika kila kitu safu kwa safu. Watu wa huku wana mtindo wao: jina la mtoto, alama, mwaka. Mwenda@1998. Nkatha.2011. Majina 40, alama 6, miaka 60, jumla ni maneno 14,400, na hata mashine inayojaribu 100 kwa sekunde huyamaliza chini ya dakika tatu. Miaka sita inakuwa dakika tatu kwa kusikiliza. Lipo pia swali moja ambalo huliuliza mwishoni, kwa sauti ya chini kidogo: je, mzee alikuwa na kitabu cha simu? Nywila zimewahi kupatikana kwenye jalada la ndani, kwa penseli, chini ya namba ya fundi wa mabomba.

Wakati mwingine haipatikani. Anasema haijapatikana, hatozi, na anashauri warudi kwenye kitabu cha mizani na stakabadhi, waandike upya. Nimesikia wateja wakimlaumu kwa hilo, wakisema fulani wa mjini angefungua. Fulani wa mjini angelipakia faili kwenye tovuti asiyoijua mwenyewe, likiwa na majina, namba za vitambulisho na mishahara ya watu, na hilo ndilo ambalo huyu hakubali, awe anaharakishwa vipi. Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019, lakini nadhani angekataa hata kama isingekuwapo. Sheria ya 2018 ya matumizi mabaya ya kompyuta anaitaja zaidi, hasa kijana akija na laptopu isiyo yake na hadithi isiyonyooka. Kuingia bila idhini ni hadi shilingi milioni 5 au miaka 3, anamwambia kwa upole, na kijana anakumbuka ana basi la kuwahi.

Ndani ya mafaili yaliyofunguka hukaa pia laha zilizofichwa. Kuna zile zinazorudi kwa kubofya tu, na kuna zilizoandikwa veryHidden ndani ya workbook.xml, ambazo hazijitokezi kwenye orodha ya Excel ya laha zilizofichwa. Yeye huziona, kwa kuwa anapita kwenye orodha hiyo akitafuta njia. Humwambia mteja kwamba zipo, ngapi, na zinaitwaje. Hazifungui mpaka aambiwe na mwenye mamlaka juu ya faili. Najua watu wa magazeti ambao wangezifungua kabla ya kuambiwa, na sijitoi katika hesabu hiyo.

Kazi ikikubali, hairuhusu faili liondoke wazi. Anazifungua seli chache, analinganisha jumla za chini na zile zilizochapishwa mwezi uliopita, kisha anachukua ile karatasi yake na kulifunga upya vilevile: vitu vya kuchora vimefungwa, seli zenye fomula hazichaguliki, Tab inaruka kama ilivyokuwa ikiruka. Nywila mpya anamwachia mteja aichape mwenyewe, naye anageukia dirishani. Anamtaka aiandike kwenye bahasha, itiwe sahihi na watu wawili, ikae kwenye sefu pamoja na hati ya kiwanja. Halafu anaifuta nakala kwenye mashine yake, anamwaga na pipa la taka, mteja akitazama.

Bei yake ni ndogo mno, na nimemwambia. Anasema laha iliyofungwa ni kazi ya kufuta neno moja, hawezi kumtoza mwalimu pesa nyingi kwa neno moja. Nikamuuliza kuhusu karatasi ya sifa, kuhusu workbook.xml, kuhusu kulinganisha jumla. Akasema hizo hazimo kwenye bei, na akamwita aliyefuata, msichana aliyekuwa na risiti ya HELB mkononi.